Kuku wa Kwanza wa Umeme

4 Machi

Mdogo wangu Koleo,

Salamu tuzimalize upesi: sisi wazima, nawe uwe mzima. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu yako huko kambi ya mafundi inashika pale tu unapopanda juu ya tangi la maji, na sitaki uvunjike mguu kwa ajili yangu. Halafu kwenye simu hunikatiza. Karatasi huwezi kuikatiza.

Nataka kununua jiko la umeme la kubanikia nyama kwa moshi. Umesoma sawasawa. Mimi, ambaye mtaa mzima unaniita Mama Moshi, mwenye pipa langu la bati uani na kuni zangu zilizopangwa ukutani, nataka jiko la kuchomeka kwenye soketi. Usianze kucheka, soma kwanza.

Nimepata kijitabu cha duka kubwa la mji wa karibu na kambi yenu, kina picha za majiko matatu. La kwanza ni dogo, la mviringo, lina swichi moja tu: limewaka au limezima. La pili ni kama kabati la vyombo. Lina rafu nne, mlango wa kioo, namba za joto zinazowaka kwa mbele, na sindano yenye waya ambayo unaichomeka ndani ya nyama ikuambie imeiva kiasi gani. Ikiiva, jiko linapiga kengele. La tatu linakula tembe za mbao iliyosagwa na kushindiliwa, ambazo hapa kwetu sijui nitazitoa wapi, kwa hiyo hilo nimeshalizika.

Nataka la pili. Nataka sindano, nataka kengele, nataka kioo. Wewe ni fundi umeme, niambie tu kama nyaya za nyumba yangu zitalimudu na niliweke wapi. Ushauri mwingine sijaomba. Dereva wa lori lenu anapita hapa kila Ijumaa, mpe majibu.

Wapwa zako wanakusalimu. Shemeji yako anauliza unarudi lini akufunge karata.

Dada yako


11 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma wakati wa chakula, nikaweka kijiko chini, mafundi wenzangu wakadhani nimefiwa. Wewe? Sindano? Wewe uliyekuwa unakaa sebuleni na cherehani yako, mlango umefungwa, halafu unainua kichwa na kusema, "Mafuta ya lile paja la pembeni yameanza kudondokea moto," tunatoka mbio uani tunakuta kweli? Mtu mwenye pua ile kununua sindano ya kupimia nyama ni kama kinyozi kununua ramani ya kichwa.

Haya, kazi. Jiko dogo linakula umeme kama pasi yako, kabati linakula zaidi kidogo. Nyaya za nyumba yako nilizipitisha mwenyewe, zitayamudu yote mawili. Ila lisichomekwe soketi moja na pasi, na usithubutu kutumia ule waya wa kuongezea unaopita chini ya zulia, ambao nilikuambia uutupe na najua hukuutupa. Liweke nje, kibarazani, chini ya paa, mbali kidogo na ukuta. Ndani ya chumba cha kupikia hapana. Hata moshi wa umeme ni moshi.

Kuhusu lipi, nisikilize mimi. Chukua dogo. Halina cha kuharibika, na hizo namba na kengele wamewawekea watu ambao hawajawahi kubanika hata dagaa. Kwa pua yako unalipia kitu ulichozaliwa nacho.

Mwambie shemeji karata zake azifiche, nakuja mwezi wa sita.

Mdogo wako


18 Machi

Koleo,

Marahaba. Nilikuuliza maswali mawili, umenijibu manne. Asante kwa yale mawili.

Jiko nililotaja ni la pili, na bado ni la pili. Sababu ni kwamba kazi zimenizidi. Msimu huu nashona sare za shule mbili, siwezi kukaa uani mchana kutwa nikinusa pipa. Nataka jiko lifanye kazi yake nami nifanye yangu, likimaliza liniite. Kwani ni dhambi? Juzi nimeunguza gauni la mwalimu mkuu. Nilikuwa napiga pasi huku naongea na mteja mwingine, kuja kugeuka, kifua chote cha gauni kina alama ya pasi. Nimemnunulia kitambaa kingine na kumshonea upya. Ndiyo ujue nina mambo mengi kichwani.

Kwa hiyo nenda dukani, mwambie muuzaji akuoneshe lile lenye sindano, angalia kama limeshonwa vizuri, yaani kama limetengenezwa vizuri, unanielewa. Pesa nimemkabidhi dereva.

Dada yako


25 Machi

Dada, shikamoo.

Kabla hujafungua boksi, vuta pumzi. Nimekununulia lile dogo.

Nisikilize. Nilifika dukani nikayafungua yote mawili. Kabati ni zuri, sikatai, lakini mtu aliyechoka kama wewe hahitaji mashine yenye vitufe kuliko cherehani. Hili unaweka vibanzi vya kuni kwenye kisahani cha chini, unapanga nyama juu, unabonyeza, basi. Chenji yako iko ndani ya bahasha, mnunulie mwalimu mkuu soda. Siku utakayolizoea utanishukuru.

Jinsi ya kulianza: osha rafu, kausha, kisha liwashe tupu, bila nyama, na vibanzi kiganja kimoja. Chuma kipya kina mafuta ya kiwandani, lazima yaungue yaishe kabla chakula hakijaingia. Utajua yamekwisha pale ile harufu ya kiwandani itakapoondoka na kubaki ya kuni peke yake. Kwa mtu mwingine ningeeleza zaidi, kwako inatosha. Na siku zote, ukisikia harufu ya plastiki, chomoa kwanza, maswali baadaye.

Vibanzi nimekufungia gunia dogo. Ni mti mgumu, mkavu, haujapakwa rangi wala hauna utomvu.

Mdogo wako


1 Aprili

Koleo,

Jiko limefika. Liko ndani ya boksi na halijatoka.

Hiyo kazi ya kuliwasha tupu inachukua saa ngapi? Niandikie namba. Usiniandikie kitu kingine.

Dada yako


8 Aprili

Dada, shikamoo.

Ha! Sasa nimekushika. Si wewe unayetaka namba. Ni shemeji! Shemeji kachoka kungoja mpaka wewe upate nafasi ya kubanika, anataka kujifunza kubanika mwenyewe kimyakimya, na wewe unamfichia aibu kwa kuniuliza kwa niaba yake. Ndiyo maana sindano, ndiyo maana kengele! Mambo yote yamenijia nikiwa juu ya ngazi, nusura niangushe taa.

Mwambie aache woga. Saa ngapi sijui, inategemea na jiko. Asimame pale anuse, na akishindwa akuite wewe unuse.

Mdogo wako


15 Aprili

Mdogo wangu,

Kaa chini. Usisome hii mbele ya wenzako.

Pua yangu haifanyi kazi. Si mafua, si vumbi la vitambaa. Unakumbuka mwaka jana mvua zilipoanza niliugua nikalala kitandani, ukanitumia machungwa? Homa iliondoka, kikohozi kikaondoka, harufu haikurudi. Daktari wa pua na masikio amenimulika ndani na tochi yake, akasema huenda ikarudi na huenda isirudi, akaniambia niwe nanusa karafuu na limau kila asubuhi ili kuikumbusha kazi. Nanusa, Koleo. Nasimama dirishani na karafuu zangu kiganjani kama mjinga, na sipati kitu. Chumvi naisikia, sukari naisikia, pilipili inaniwasha. Baada ya hapo chakula ni moto au ni baridi, basi.

Gauni la mwalimu mkuu niliunguza nikiwa nimesimama pale pale, siongei na mtu yeyote. Harufu ya kitambaa kinachoungua ingenishtua zamani nikiwa mtaa wa pili.

Sijamwambia mtu. Mwezi wa pili nilikuwa nakata samaki, shemeji yako akaingia akaziba pua akasema, "Nini kimeoza humu?" Samaki alikuwa mkononi mwangu. Nikajibu haraka kwamba ndiyo nilikuwa naenda kumtupa. Nikamtupa, nikaenda kujifungia chooni. Angechelewa dakika kumi, wanangu wangemla. Tangu siku hiyo pipa sijaliwasha. Nimewaambia kuni zimelowa.

Unaniuliza kwa nini nimeficha. Hujaniuliza, lakini utaniuliza. Ni kwa sababu naijua nyumba yangu. Leo nikisema, kesho kila ninachopika kitakuwa kitamu. Watanihurumia huku wanatafuna. Mimi nimepika tangu hujui kufunga kamba za viatu, nimezoea kuambiwa hiki kimezidi, hiki kimepungua, na ndivyo nilivyojua kupika. Naweza kuishi bila harufu. Siwezi kuishi nikipewa pole mezani pangu. Naogopa. Iandike tarehe ukipenda: dada yako ameogopa.

Kwa hiyo hilo jiko lako dogo, linaloanza kwa pua na kumalizikia kwa pua, nimelifanya kigoda. Nataka lenye namba.

Dada yako


22 Aprili

Dada yangu, shikamoo.

Nimesoma peke yangu, nyuma ya stoo ya nyaya. Barua zangu zote nilizokuandikia nimezikumbuka moja moja, na kila moja ina pua ndani yake. Nisamehe. Nilikuwa nachekesha nikadhani ninasaidia.

Hilo dogo mrudishie dereva, anajua pa kulipeleka. Kabati limo ndani ya lori hili hili. Haya ni maelekezo mapya, hayana pua hata moja.

Liwashe tupu, joto la mwisho kabisa, kwa muda wa saa tatu. Zima, fungua mlango, liache wazi mpaka kesho yake. Hapo mafuta ya kiwandani yamekwisha, unuse usinuse. Kuku: jiko liwe nyuzi mia na kumi, sindano iingie sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, na usimtoe kabla sindano haijasoma nyuzi sabini na tano. Samaki na nyama mbichi: tarehe ya kununua iandikwe juu ya mfuko kabla haujaingia kwenye friji. Siku mbili zikipita, tupa, hata kama anaonekana mzuri kama picha.

Nimekupa breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi, ya jiko hilo peke yake. Mwite yule fundi wa mtaa wa nyuma aifunge, na umwambie nitakagua mwezi wa sita ili asilale kazini. Kuna pia king'ora cha moshi, kifungwe karibu na meza yako ya pasi. Hicho ni kelele tupu, lakini kitakuokolea magauni.

Sasa hili litakuuma. Lazima uwaambie nyumbani. Kuku tuwaache kando. Dada, una mtungi wa gesi ndani ya nyumba. Ukivuja, nani atakuambia? Sikulazimishi jambo lolote maishani kwa sababu huwa hulazimishiki, lakini hili nakulazimisha. Waambie leo, kabla hujafungua boksi.

Mdogo wako


13 Mei

Koleo,

Nimewaambia. Niliwaambia usiku ule ule, tukiwa mezani, kabla moyo haujabadilika.

Shemeji yako aliinuka, akakoroga povu la sabuni kwenye bakuli, akaenda kupaka mpira wa gesi wote, kutoka mtungini hadi jikoni, akipiga tochi kutafuta mapovu. Hakuna uvujaji. Kisha akarudi akanishika mkono mbele ya watoto, jambo ambalo si kawaida yake. Mpwa wako mkubwa alilia. Mdogo aliuliza kama sasa anaweza kuacha kuoga.

Breka imefungwa, fundi amekutaja jina kwa hofu. King'ora kimeshalia mara mbili, mara zote ni mkate.

Na yale niliyoyaogopa yamefika, kama nilivyokuambia. Tangu siku ile, kila kitu ni "kitamu sana, mama". Juzi wali uliungua. Nimeuona kwa macho yangu, chini mweusi tii. Shemeji yako akatafuna, akameza, akasema haujawahi kupikwa wali kama ule. Ni kweli, haujawahi.

Jana nimebanika kuku wa kwanza. Nimefuata namba zako kama anayevuka daraja la kamba. Kengele ililia, nikafungua mlango, kuku alikuwa na rangi ya dhahabu, Koleo, nilimwonea fahari. Wakala, wakasifu wote, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ile ile ya wali. Nikabaki nawatazama midomo. Nimerudi kuwa mpishi au nimekuwa mgonjwa wao? Sina njia ya kujua. Nyumba nzima imejaa watu wanaonipenda na hakuna hata mmoja wa kunisaidia.

Nimekufungia nusu yake. Dereva nimempa bawa lake kando ili asiguse lako. Onja, uniambie ukweli. Ukinidanganya nitaujua uongo kwa mwandiko wako, maana ukidanganya herufi zako hulala.

Dada yako


20 Mei

Dada, shikamoo.

Kuku wako ni mbaya.

Nimeandika hivyo nimesimama, ili herufi zisilale. Naanza na mazuri, ni machache lakini ni ya kweli. Ameiva mpaka mfupani, hajakauka, chumvi imekaa pale pale ilipokuwa inakaa siku zote. Mkono wako upo. Lakini ananuka lami. Tulipofungua mfuko, fundi mmoja aliuliza kama barabara inatengenezwa. Hawa ni watu wanaokula maharage yaliyoungua bila kuuliza maswali, na wawili waliacha vipande vyao. Dereva bawa lake alilimaliza, ila dereva hula akiwa anaendesha, haangalii.

Najua kilichotokea. Uliweka vibanzi, ukasimama pale, hukusikia chochote, ukadhani jiko halitoi moshi. Ukaongeza. Ukasimama, kimya, ukaongeza tena. Kuku wa watu amekaa ndani ya bomba la moshi la lori.

Sasa moshi uujue kwa macho. Fungua tundu la juu ya kabati mpaka mwisho. Moshi unaotakiwa ni mwembamba, unaelekea kuwa wa samawati, unaona ukuta wa jirani kupitia ndani yake. Ukiwa mweupe na mzito kama mvuke wa sufuria, umezidi, usiongeze kitu, acha mlango wazi kidogo upungue. Kiganja kimoja mwanzoni. Ukitoweka kabisa machoni, kiganja kingine. Baada ya hapo funga gunia, nenda kashone.

Ukibanika mwingine, leta. Akiwa mbaya nitasema ni mbaya. Kazi hiyo nimeichukua na siiachi.

Mdogo wako


3 Juni

Mdogo wangu,

Nilifika kwenye neno "lami" nikacheka mpaka nikakaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, na huko chini nikalia, na sikujua ni kipi kilianza. Nimefurahi, Koleo. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kufurahi hivyo kwa kuambiwa chakula chake kinanuka. Mezani pangu kulikuwa na pole tupu. Barua yako ndiyo chakula cha kwanza nilichokisikia mwaka huu.

Jioni niliwasomea wote, kwa sauti, bila kuruka hata neno. Nilipomaliza, mpwa wako mdogo akasema kipande chake cha kuku alikifunga kwenye leso akakitupa nje kwa jirani, na paka wa jirani akakinusa akaenda zake. Mkubwa akakiri alimeza na maji, kama kidonge. Shemeji yako alijitahidi kutetea heshima yake, mwishowe akasema wali ule bado anausikia mpaka leo. Tukacheka hadi king'ora kikaonekana kitu kimya. Nikawaambia sheria mpya: atakayesifu kwa kunihurumia ataosha vyombo wiki nzima, na mwamuzi ni mjomba wao aliyeko mbali.

Jana nimebanika tena. Viganja viwili, tundu la juu wazi. Nilikaa kibarazani na sare zangu magotini nikiutazama moshi, na nikauona ukuta wa jirani kupitia ndani yake, hadi matofali yake. Mpwa wako mkubwa alionja akasema moshi sasa umekaa vizuri ila ngozi imekuwa ngumu. Mdogo akasema hapana, ngozi ndiyo tamu. Wakagombana, kweli kweli, mpaka nikawaamulia. Unajua tangu lini watoto hawa hawajagombania chakula changu?

Shemeji yako hakusifu, hakukosoa. Alimaliza paja lake, akafuta vidole, akanyoosha mkono akachukua la pili, lile nililokuwa nimekufungia wewe. Ndiyo maana Ijumaa hii dereva amekuletea barua peke yake.

Dada yako